Aliyemwulizia Bibi

Bibi alikuwa hoi kwa homa, lakini mdogo wangu Dal-su hakukubali kuwakosa bundi wake. Kila majira ya baridi, jua likianza kuzama, hubeba darubini akaenda mashambani. Jioni ile nikamfuata, nipumue kidogo nje ya chumba cha mgonjwa.

"Dada, usikohoe hovyo. Utawafukuza."

"Mwanaume mzima unavizia ndege. Ndiyo maana hupati mke."

Akacheka. Mpunga ulishavunwa, mashina yamechomoza juu ya theluji. Bundi akatokea, akapita chini chini juu ya majaruba. Mabawa yake hayakutoa hata sauti.

Ghafla akageuka, akatoweka.

Nyuma yetu palikuwa na mwanamke.

Hatukumsikia akija... Theluji ile iliyoganda ililia kra! kra! kila tulipokanyaga. Alivaa nguo nyepesi za kiangazi. Alinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Samahanini," akanong'ona. "Kwa Bong Gap-sun ni wapi?"

Hilo ni jina la Bibi. Pale kijijini hakuna anayelitaja. Wote humwita Bibi wa Kisimani.

Nikambana Dal-su mkono, anyamaze. Lakini mdogo wangu na mizaha yake...

"Umeshafika, mama. Gap-sun ni mimi."

Mwanamke akamtazama. Akamtazama mno.

"Kumbe ni wewe."

Akatabasamu.

Tulikimbia bila kugeuka.

Nyumbani tulimkuta Bibi ameketi, homa imekwisha, anadai uji wa mchele na kimchi, ile kabichi yake ya kuchachushwa. Nikamsimulia. Kijiko kikamponyoka.

"Alikuja hivyo hivyo kumwulizia mama yangu, siku aliyokufa," akanong'ona. "Sura hazijui yule. Anajua jina tu."

"Sasa tufanyeje, Bibi?"

Akageukia ukuta.

Tangu hapo Dal-su hatulii. Giza likianza kuingia anavaa viatu, anavivua, anavivaa tena. Anasema anaitwa. Mimi sisikii kitu. Nafunga mlango, nalala nimeuegemea.

Jana aliniita kwa upole.

"Dada... akinikosa huko nje, si ataingia humu ndani kumtafuta Gap-sun?"

Chumba cha pili Bibi alikuwa amelala, anakoroma vizuri.

Nikabaki na ufunguo mkononi.