Chokaa ya Babu Mazengo

Haya ni kweli tupu. Likipatikana neno moja la uongo, nitachora mistari ya uwanja mzima kwa chokaa, peke yangu, na mgongo wangu huu. Ndivyo nilivyowaapia wasichana wa timu ya shule yetu, Makole.

Kila jioni niliwafundisha mpira. Wao walikimbia, mimi nilisimulia. Nilikuwa kocha msaidizi wa chuo kimoja hapa Dodoma kwa miaka ishirini na sita. Niliwaambia kwamba siku moja nilipiga shuti, mpira ukaangukia Kolo, kule Kondoa, na wanyama waliochorwa miambani wakatimua mbio. Walicheka. Uongo huo hawakuuhesabu.

Siku moja kabla ya mechi ya kata, nilimkuta nahodha wetu, Restuta wa darasa la sita, akijaza fomu ya wachezaji aliyopewa na Mwalimu Hilda. Golikipa wetu alikuwa amevunjika mkono. Mahali pake Restuta alikuwa amebandika picha ya dada yake, Ruthu, wa kidato cha pili.

"Huyu si mwanafunzi wa hapa. Ni mamluki."

"Shikamoo, Babu. Ni mechi moja tu."

"Marahaba. Usinipoze kwa shikamoo. Keti."

Nikamweleza. Chuoni, msaidizi ndiye hubeba mipira, hufua jezi, hujaza fomu na kubandika picha. Ikipigwa picha ya ushindi, yeye ndiye anayeshika kamera. Mwaka wangu wa kumi na tano tulitwaa kombe. Wiki haikuisha, ikagundulika kuwa mfungaji wetu hakuwa mwanachuo, alikuwa muuza matairi. Kombe likarudishwa, vijana wakalia. Kocha mkuu, Abeli, akafukuzwa kazi. Leo anapogoa mizabibu ya watu Makutupora.

"Abeli alipenda njia za mkato," nikamalizia. "Nilimkataza, hakusikia."

Restuta akaitazama fomu, kisha akanitazama mimi.

"Babu, si umesema fomu alijaza msaidizi?"

"Ee."

"Na picha?"

"Na picha."

"Sasa Kocha Abeli alimwingizaje huyo muuza matairi?"

Mwalimu Hilda, aliyekuwa akikusanya mipira nyuma yetu, akauweka chini mpira aliokuwa ameushika.

"Nilichoka kuitwa msaidizi," nikasema. "Nilidhani kombe moja litanipandisha. Abeli alisaini tu kwa sababu aliniamini."

Sikupandishwa. Miaka kumi na moja iliyobaki niliwabebea mipira makocha wadogo kwangu, na Abeli haitikii salamu yangu hadi leo.

Restuta akaibandua picha ya Ruthu. Ikatoka na kipande cha fomu.

"Tutafungwa, Mwalimu."

"Mtafungwa," Mwalimu Hilda akajibu. "Lakini kufungwa huisha filimbi ikilia. Uongo wa Babu haujaisha, na anayeulipia ni mtu mwingine."

Asubuhi nikainama na kopo la chokaa. Restuta akapita.

"Babu, hapo umepinda."

"Nimeona."

"Futa, uanze upya."

Tulifungwa manne kwa bila, na kila bao lilivuka mstari niliouchora mimi. Baada ya mechi Restuta alinijia, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, akaniletea kofia yangu.

"Deni la hapa umelipa, Babu. Bado la Makutupora."

Nikavaa kofia, nikashika njia ya huko.