Msingi Wangu, Jina la Kaka Yangu

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Pemba, upande wa Wambaa. Nimeolewa mara mbili na nimeachwa mara mbili. Sioni haya kuyasema, maana haya zangu nilizimaliza zote siku nitakayowaeleza... na hizo haya zenyewe ndizo zilizoniponza!

Talaka ya pili ilinikuta jikoni. Chungu cha muhogo kiko motoni, mume kasimama mlangoni, ananiambia nitoke nyumbani kwake. Kwake! Nyumba niliyoikandika udongo kwa mikono yangu hii. Nilitoka na kanga zangu na mkeka mmoja. Njia nzima nilikuwa nikisema peke yangu: sitolewi tena katika nyumba ya mtu. Nitajenga yangu, juu ya msingi wa mawe, na wa kutolewa atakuwa mwengine!

Mama yetu, Bi Mize, alikuwa hai bado. Aliniita mimi na kaka yangu Kombo. Tumezaliwa wawili tu, yeye mkubwa. Mama akatupeleka kwenye kiwanja chake, pale mwisho wa mihogo, akasema: "Hapa pa Riziki. Weye Kombo keshakupa baba yako shamba. Riziki mwanangu, jenga hapa."

Riziki ni mimi. Kombo aliitikia vizuri sana, akasema Inshaallah mama. Hakukuwa na mtu mwengine pale. Haukupita mwaka mama akafariki, Mungu amrehemu.

Nilihangaika na mawe miaka miwili. Asubuhi nalima, alasiri nachimba mawe, nayabeba kichwani moja moja mpaka kiwanjani. Msimu wa karafuu nilichuma katika mashamba ya watu, nilichopata nikanunua magogo ya kuchomea chokaa. Tanuu nililipanga mwenyewe. Chokaa ilinichubua viganja, ikaniingia machoni, nikawa naonekana kama mtu aliyefufuka.

Wanawake wenzangu walinitania njiani. "Riziki, mwanamme gani huyo anayejengewa kabla hajaposa?" Nikawajibu, namjengea Riziki! Walicheka, lakini wengi wao walikuja kunisaidia, hasa jirani yangu Bi Time, mwanamke mwenye mdomo mkali na moyo safi.

Na Kombo? Hakubeba hata kokoto! Alikuwa akishinda Mkoani, ati anatafuta kibarua bandarini. Akirudi ana habari za siasa tele, nani kasema nini, nani kampiga nani, na mikono yake laini kama ya bibi harusi.

Mawe yalipofika ya kutosha nikamwomba Kombo aniitie Fundi Makame, maana kwetu fundi huitwa na mwanamme. Fundi akaja, akapiga vigingi, akafunga kamba, akapima pembe kwa pembe mpaka zikalingana. Vyumba viwili na ukumbi. Niliingia ndani ya zile kamba nikatembea. Hapa nitalala, hapa nitaweka mtungi, hapa mlango... na ufunguo wake utakaa kwenye pindo la kanga yangu. Nililia, wallahi.

Kombo alikuwa ameshika ncha ya kamba. Akamwambia fundi aongeze chumba kimoja cha uani. Nikamuuliza cha nani? Akasema cha mgeni. Nami nikafurahi! Nikaona kaka yangu ananitakia heri, nyumba isikose wageni. Ujinga ni mzigo, jamani.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Kwetu msingi hauanzwi ovyo. Mwalimu wa chuo cha Kurani hutazama siku njema, watu hualikwa, ubani hufukizwa, dua husomwa. Mwenye nyumba hushuka katika mtaro uliochimbwa kwa msingi akaweka jiwe la kwanza kwenye pembe ya kibla. Mwalimu humuuliza jina lake na jina la mama yake, akalitia katika dua. Karatasi hakuna. Waliohudhuria ndio karatasi.

Kuamkia siku ya dua yangu Kombo alinijia na sura ya huruma. Akaniambia si vyema mwanamke kushuka mtaroni mbele ya wanaume, kanga imepanda, miguu nje. "Watu watasema Kombo hana dada, ana dume! Nitashuka mie kwa niaba yako. Damu si moja?"

Nikaona aibu. Nikakubali.

Wanaume walikusanyika kiwanjani, na sisi wanawake tulikuwa nyuma ya ua wa makuti, tunapika wali wa sadaka. Mbuzi wangu, mchele wangu, kuni zangu! Nikasikia Mwalimu Hamadi anauliza: "Nani mwenye nyumba?"

"Kombo, mwana wa Mize," kaka yangu akajibu. Wala sauti haikumtetemeka.

Bi Time alinipiga kikumbo. "Riziki! Mbona kataja lake? Nenda kaseme!"

Unajua nilifanya nini, ndugu msomaji? Nilimziba mdomo kwa kiganja changu chenye vidonda vya chokaa! Nikamwambia nyamaza, utatutia aibu mbele za watu. Nikajiliwaza kwamba mama ni mmoja, dua ya mwana wa Mize itanifika na mimi. Wanaume wakaitikia Amin. Na mimi huku jikoni, mwiko mkononi, nikaitikia Amin...

Baada ya hapo ikawa kazi. Tulimwaga kokoto na udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa, tukapanga mawe, tukamwaga tena, tukashindilia kwa magogo huku tunaimba. Siku tisa! Msingi ukapanda mpaka magotini, umenyooka, hata Fundi Makame mwenyewe alisimama kuutazama. Akaniambia niuache unyeshewe na masika, ushikane, ndipo kuta zifuate.

Masika hayo shangazi yangu Bi Raya wa Kiuyu aliugua, na hana mtoto. Nikaenda kumuuguza. Nilimwachia Kombo msingi wangu autazame. Nimempa fisi bucha!

Niliporudi, mvua zimekatika, nilisimama njiani nikadhani nimepotea. Juu ya msingi wangu wa mawe kulikuwa na kuta za miti na udongo, na paa la makuti mapya. Kombo yuko barazani anakunywa kahawa. Akanipokea kwa bashasha, akanieleza kwamba ameposa, harusi wiki mbili zijazo, na mke ataingia humu.

Humu wapi? Nikamuuliza mara tatu, humu wapi?

"Nyumbani kwangu," akasema. "Na weye usiwe na wasiwasi, dada. Kile chumba cha uani ni chako."

Chumba cha mgeni! Mgeni mwenyewe kumbe ni mimi! Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Nikachukua jiwe, nikavunja mtungi wake, na kama watu wasingenishika ningevunja na kingine. Kombo alikuwa akipangusa kanzu yake tu, anarudia neno moja: "Nani aliweka jiwe la kwanza?"

Nikaenda kwa sheha, mkuu wa serikali hapo kijijini. Wazee wakaitwa. Nilijua haki yangu iko wazi kama mchana, maana kijiji kizima kiliniona na mawe kichwani. Basi hebu sikieni ushahidi! Fundi Makame akasema yeye aliitwa na Kombo. Mwalimu Hamadi akasema alisoma jina alilopewa. Wanaume kumi na zaidi wakasema walimwona Kombo mtaroni, na jiwe mkononi.

Hakuna aliyesema uongo. Hicho ndicho kinachonichoma mpaka leo! Laiti wangesema uongo, ningewashitakia kwa Mungu. Walisema kweli tupu, na ile kweli ikaninyang'anya nyumba.

Kuhusu agizo la mama, Kombo alisema hakumbuki. Alikuwa anatazama chini, lakini alisema. Na ile miaka miwili ya mawe? Mzee mmoja akanijibu kwa upole kabisa kwamba dada kumbebea kaka yake mawe ni jambo jema, Mungu atanilipa.

Bi Time aliingia kunitetea. Alieleza alivyonishitua jikoni siku ya dua. Sheha akamuuliza, na Riziki alisemaje? Masikini Bi Time alinitazama, machozi yanamtoka. "Alinambia ninyamaze."

Ikaisha hapo. Mwenye mali alisikia jina la mwengine likisomwa, akaitikia Amin. Ungekuwa wewe sheha ungehukumu vipi?

Harusi ikafanywa. Sikupika, sikuimba, sikukanyaga. Nasikia kuta zake zimeshaanza kupasuka, udongo unabanduka kila mvua ikinyesha, lakini msingi haujatikisika hata nyuzi moja. Na usitikisike! Kila akipanda baraza ile akanyage mikono yangu.

Watu wananiambia nisamehe, ndugu hawagombani, wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi jembe nilichukua kweli. Nikarudi Kiuyu kwa Bi Raya, aliyekwisha kupona. Akanipa kiwanja, lakini safari hii nilimwomba apeleke neno msikitini litangazwe watu wasikie, na wanawake tukawaita uani wasikie pia. Nikaanza kuchimba mawe upya. Mwaka na nusu mwengine wa umri wangu.

Mwezi uliopita tumesoma dua ya msingi. Nilivaa suruali ya marinda ndani ya kanga, nikajifunga kibwebwe, nikashuka mtaroni mwenyewe mbele ya wanaume wote. Wengine waligeuza nyuso, wengine walikohoa. Wageuze, wakohoe! Mwalimu wa Kiuyu, mzee wa watu, akababaika, akauliza: "Nani mwenye nyumba?"

Kombo ameniletea salamu na mpita njia kwamba nimemwaibisha, dada yake kushuka shimoni kama kuli. Nimemjibu salamu zimefika.

Dada zangu mnaosoma haya, nawaombeni. Jengeni kibanda, jengeni jumba, lakini msimpe mtu ashuke kwa niaba yenu, hata awe mliyetoka naye tumbo moja. Wala msingoje mtu mbaya aje na panga. Wangu alikuja na huruma, akanisitiri miguu. Likisomwa jina lisilokuwa lako, wacha wali uungue, toka nyuma ya ua, sema! Aibu ya siku moja huisha na sahani za sadaka. Mimi aibu niliyoikimbia imenigharimu nyumba na kaka.

Mwalimu aliuliza mara moja tu. Mimi nimemjibu mara tatu: Riziki, mwana wa Mize! Riziki! Riziki! Kisha nikainama nikaweka jiwe.