Aliyemnyonyesha Boazi

Kengele ya jioni ilipogongwa, Enesi alikuwa wa kwanza kumwaga kahawa yake kwenye debe na wa kwanza kuondoka. Wanawake wengine wa shamba lile la Mzungu, huko Mbozi, walikaa kidogo kando ya mizani, wakanyoosha migongo na kutaniana kabla ya kushika njia. Yeye hakuwa na nafasi hiyo. Alikuwa na mtoto wa kuchukua.

Hali iliyomfikisha hapo ilikuwa na hesabu yake. Mumewe, Efraimu, alivuka mpaka pale Tunduma kwenda migodini Rodeshia ya Kaskazini kabla mtoto hajazaliwa, na tangu hapo hakuleta hata salamu. Ndugu za Enesi mwenyewe walikuwa mbali, Ibaba, katika milima ya Ileje. Asiyefanya kazi hakuruhusiwa kulala katika nyumba za shamba, na anayefanya kazi hakuruhusiwa kuingia na mtoto baina ya mibuni, kwa sababu majani yalipuliziwa mrututu, ile dawa ya kibuluu, na mtoto mmoja alikwisha kufa kwa kuivuta akiwa mgongoni mwa mamaye. Tangu siku ile nyapara Anania alipiga marufuku mbeleko mashambani. Wenye mabinti wakubwa waliwaachia hao kulea. Enesi hakuwa na binti. Ukijumlisha yote hayo, jibu lilibaki moja tu: banda la magunia.

Lilikuwa banda la udongo, chini ya chanja za kuanikia kahawa, karibu na mfereji. Humo alifunga gunia kwenye boriti likawa bembea, akamlaza Boazi, akamfunika kwa kaniki. Mwanzoni aliweza kurudi adhuhuri kumnyonyesha. Lakini uchumaji ulipohamia bonde la mbali, muda wa mapumziko haukutosha tena kwenda na kurudi, na kila jioni, tangu akiwa ng'ambo ya mfereji, alimsikia mwanawe akilia kwa sauti iliyokwisha kukauka.

Jioni hiyo hakusikia kitu.

Alisimama. Akasikiliza tena. Maji ya mfereji... ndege mmoja... basi.

Akakimbia.

Ndani ya banda bembea ilikuwa ikienda na kurudi, taratibu, kamba ikilalama kwenye boriti. Kwe... kwe... kwe... Hapakuwa na upepo. Enesi aliishika kwa mikono miwili, na ikasita kidogo kabla ya kutulia, kama kwamba upande wa pili kulikuwa na mkono mwingine usiotaka kuiachia.

Boazi alikuwa amelala. Tumbo lake lilikuwa la mviringo, gumu kama kibuyu. Midomoni mwake paling'aa tone jeupe.

Maziwa.

Banda zima lilinuka maziwa ya vuguvugu. Na chini ya harufu hiyo ilikuwako nyingine, nzito zaidi: udongo uliofukuliwa punde.

* * *

Kesho yake, katika mstari wa mibuni, alimsogelea jirani yake Tusekile, ambaye naye alikuwa na mtoto mchanga.

"Ni wewe uliyemnyonyesha Boazi jana?"

"Mimi?" Tusekile alicheka hadi akamwaga kahawa. "Mama Boazi, haya yangu Nesta mwenyewe hayamtoshi, na babake naye anayapigia mahesabu! Ya kugawa ningeyatoa wapi?"

Wanawake wa mstari wa pili wakaangua kicheko.

"Labda ni Anania," mmoja wao akasema. "Mbona kifua anacho."

"Nawasikia!" Anania akafoka kutoka juu. "Chumeni! Hicho kicheko nitakipima kwenye debe?"

Enesi alicheka nao, lakini moyoni alikuwa akipima jambo. Mwanamke fulani alikuwa akimsaidia, na hakutaka kujulikana. Huenda alimwogopa mumewe. Huenda alikuwa amefiwa na mtoto wake na aliona haya kusema kwamba maziwa bado yanamtoka. Vyovyote iwavyo, mtu huyo alistahili kushukuriwa, na Enesi alilelewa kushukuru kwa namna moja tu.

Nyumbani kwa mama yake, kule Ibaba, mwanamke aliyemnyonyesha mtoto wa mwenziwe hakupewa asante ya mdomo. Aliwekewa unga wa ulezi katika kikapu. Akiupokea, hurudisha kikapu kimeoshwa. Kisha wawili hao hualikana, unga ule hupikwa, nao huula pamoja. Tangu hapo huwa nyumba moja, na mtoto hunyonya kwa yeyote kati yao.

Basi alfajiri iliyofuata aliweka kikapu cha unga chini ya bembea.

Jioni alikikuta kizingitini. Kitupu. Kimeoshwa, bado kinachuruzika maji.

Alitazama huku na huku apate kumwona wa kumwalika. Ukungu wa kipupwe ulikuwa umeshuka hadi kwenye chanja. Hakukuwa na mtu.

"Asante, mwenzangu," akasema kwa ukungu ule. "Mungu akulipe."

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, Boazi alikataa titi lake. Hakulia. Aligeuza uso tu, akauelekeza mlangoni, akatulia hivyo kama mtu anayesubiri mwenyeji wake. Enesi alijaribu upande wa kulia, akajaribu wa kushoto. Maziwa yakamtiririka yenyewe, yakalowesha khanga yake mpaka magotini, na mtoto hakuyatazama.

* * *

Siku ya pili yake alimwambia Anania kwamba tumbo linamuuma. Alipanda kutoka bondeni kabla ya alasiri, akazunguka nyuma ya banda, akaweka jicho kwenye ufa wa ukuta.

Ndani hakukuwa na mtu.

Bembea ilikuwa ikienda na kurudi.

Boazi alikuwa amegeuza kichwa upande mmoja, na mashavu yake yalikuwa yakifanya kazi. Yanaingia. Yanatoka. Alikuwa akinyonya... hewa. Maziwa yalimchuruzika kidevuni. Mkono wake mdogo ulikuwa umeinuliwa, ukipapasa kitu kisichokuwapo, ukikipigapiga kwa upole, kama watoto wapigavyo kifua cha mama zao.

Enesi aliziba mdomo wake.

Bembea ikasimama.

Kisha, upande huu wa ukuta, karibu kabisa na sikio lake, mwanamke akanong'ona kwa sauti ya kuchoka, tena ya huruma:

"Nenda kazini, mama Boazi. Mimi nipo."

Hakukumbuka jinsi alivyoingia, wala jinsi alivyomtoa mtoto kwenye gunia. Alipopata akili alikuwa kwenye chanja, anahema, na mbele yake alikuwa Ketrina, mwanamke mzee wa Kinyiha aliyekuwa na kazi ya kugeuza kahawa juani.

"Umemwona?" Ketrina aliuliza bila kuinua macho.

"Nani, bibi?"

"Wewe ndiye utakayeniambia."

Enesi alimweleza yote. Alipofika kwenye kikapu, mikono ya bibi ikaacha kugeuza.

"Uliweka unga?"

"Niliweka."

"Ukapokelewa?"

"Kikapu kilioshwa."

"Nyinyi watu wa milimani na adabu zenu!" Ketrina akatema mate pembeni. "Sisi hapa tukisikia tusichokiona, tunanyamaza. Wewe umekishukuru!"

"Ni nani?"

Bibi alichezesha kahawa kiganjani. "Nilikuwa binti, wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Palipo na banda lile palikuwa na nyumba. Askari walipita wakikusanya watu wa kubeba mizigo, wanawake nao. Mwenye nyumba alikuwa na mtoto ndani, amelala. Akasema, nina mtoto. Wakamwambia jioni atarudi."

"Akarudi?"

"Alirudi. Siyo jioni ile."

Boazi alikuwa amekaza macho yake bandani.

"Na yeye alikufa?" Enesi akauliza.

"Aliketi mlangoni, maziwa yakimtoka. Nilimwona kwa macho yangu. Kisha siku moja hakuwapo. Kaburi lake mimi sijalionyeshwa. Wewe umeonyeshwa?"

"Nifanyeje, bibi?"

"Mmefunga nusu. Unga umetoka kwako, hamkuula pamoja. Mwenye kupokea ndiye mwenye mtoto."

"Basi nikila naye, atanyonya na kwangu?"

"Sijasema ule!" Ketrina alimshika mkono, akamkazia. "Ukila mtakuwa nyumba moja. Kwanza jiulize nyumba yake iko wapi. Mpeleke mtoto kwa mama yako. Nenda sasa hivi."

* * *

Enesi alikwenda. Aliiacha kazi, akaacha chungu chake jikoni na kitanda cha kamba alichokisuka Efraimu, akashika njia ya kusini kuelekea Ileje, mtoto mgongoni. Aliamini kwamba umbali ni dawa, na kwamba njaa ingemfundisha mtoto kumjua mama yake.

Njaa haikumfundisha.

Boazi alikataa titi. Alikataa uji. Katika nyumba ya Wakristo waliompokea njiani, mke wa mwenye nyumba, Roda, alimwonea huruma na kumpa titi lake mwenyewe; mtoto aligeuza uso, akaelekea walikotoka. Wakaomba. Wakaimba kwa sauti ya chini. Asubuhi, utosi wake ulikuwa umebonyea, na alipolia hakutoa machozi.

"Mwanangu," Roda akanong'ona mlangoni, "Ibaba hutafika naye."

Enesi alisimama njia panda kwa muda mrefu. Mbele yake ilikuwa milima ya kwao, na nyumba ya mama yake, na kaburi la mtoto. Nyuma yake alikuwako mtu aliyeweza kumshibisha. Alikuwa mwanamke wa kupima mambo, na hili alilipima kila upande, akitafuta upande mwepesi. Haukuwapo.

Akageuka.

Alifika bandani jua likizama. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya jani la mgomba, chini ya bembea, palikuwa na ugali wa ulezi, umegawanywa vipande viwili. Ulikuwa unatoa mvuke. Jiko halikuwapo. Majivu hayakuwapo.

Kipande kimoja kilikuwa kimeshamegwa.

Enesi aliketi. Boazi mapajani mwake alikuwa mwepesi kama khanga tupu.

"Sikukupa awe wako peke yako," akasema. "Nilikwenda kazini tu. Nawe unajua. Hata wewe ulikwenda tu."

Ikasikika pumzi. Mtu alikuwa akilia, polepole, gizani upande wa magunia, kama aliaye asiwaamshe watoto.

Enesi akamega. Akala.

Ugali ulikuwa na joto mdomoni, lakini koo liliposhusha, kifua chote kikapoa. Ulikuwa na ladha ya udongo. Akamega tena, akala mpaka kipande chake kikaisha, huku machozi yakimdondokea viganjani. Ndipo akafungua khanga.

Boazi aligeuka. Alimtazama, kwanza kama mgeni, kisha kama mama. Akashika titi, akanyonya, na mkono wake mdogo ukapanda kifuani pa Enesi, ukapapasa, ukapigapiga.

Alinyonya usiku kucha. Katika maisha yake yote Enesi hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile.

* * *

Asubuhi alisikia kengele, na kwa mara ya kwanza haikumwinua. Ilipita juu yake kama inawaita watu wa nchi nyingine.

Mlango ukasukumwa. Anania alisimama hapo, kofia mkononi.

"Mama Boazi! Upo humu?"

"Shikamoo, nyapara. Nisamehe, mtoto alikuwa mgonjwa."

Anania aliangaza macho pembe zote za banda. Yalipita usoni pa Enesi bila kusita. Yalipofika kwa mtoto yalitoka pima, kwa sababu Boazi alikuwa akicheka, ameshiba, amelala chali juu ya udongo mtupu.

"Tusekile!" akaita kwa sauti iliyopasuka. "Njoo! Kamwacha mtoto!"

"Sikumwacha," Enesi akasema. "Nimemshika. Nyapara, nimemshika!"

Tusekile aliingia, Nesta mikononi mwake. Aliinama. Enesi alimkumbatia mwanawe kwa nguvu zake zote, na mikono ya Tusekile ikapita katikati ya nguvu hizo kana kwamba inachota maji.

"Maskini baba," Tusekile akasema, huku akimfuta Boazi udongo mgongoni. "Mama yako kamfuata babako ng'ambo, eh? Bila hata kukuaga. Njoo. Tutagawana na Nesta hivyo hivyo."

Boazi alilia. Alinyoosha mikono nyuma ya bega la Tusekile, akililia banda. Kisha Tusekile akaketi kizingitini, akamfungulia kifua, na mtoto akanusa, akasita... akashika. Akanyonya.

Wakaondoka naye. Habari zilizoenea shambani ni hizo alizozisema Tusekile, na hata leo wazee wa huko watakuambia kwamba Enesi alivukia Tunduma. Ketrina pekee hakusema hivyo. Alihamisha chanja zake, akazipeleka upande wa juu wa mfereji, na alipoulizwa sababu alisema jua la kule ni zuri zaidi.

Enesi alimsikia mwanawe mpaka sauti ikamezwa na mibuni. Matiti yalimjaa, yakauma, yakaanza kudondoka. Alijikokota hadi mlangoni, akanyoosha shingo kuitazama njia.

Mlangoni alikuwapo mwingine, ameketi, khanga yake imelowa hadi magotini. Alisogea kidogo kwenye kizingiti, akampa nafasi.