Vipande Sita vya Bafta

Mkoba wa Stefania ulikuwa tayari tangu saa tisa mchana, lakini Hajira hakuupeleka mpaka jua lilipoanza kuzama nyuma ya mashamba ya mahindi. Alikuwa na sababu zake. Stefania ni mtu wa kukagua mishono. Ukimpelekea kazi mwanga ukiwa mkali ataigeuza nje ndani, atavuta kila uzi, atauliza hapa mbona pamepinda. Hajira hakuwa na hamu ya mtihani siku hiyo, basi akasubiri giza.

Alimwacha binti yake Munira, wa miaka sita, akicheza barazani na kofia yake mpya kichwani. Akakata kichochoro cha mihogo, akapiga hodi.

Hakukaribishwa. Stefania alitoka amembeba mwanawe Denis mgongoni, na kabla ya salamu yoyote kitu laini kikampiga Hajira kifuani, kikaanguka chini. Ilikuwa kofia ya mtoto, ya kitenge cha bluu, aliyomshonea Denis wiki iliyopita.

"Chukua uchafu wako."

"Uchafu gani tena, Mama Denis? Kofia si ulisifia mwenyewe?"

"Inuse."

Hajira aliiokota. Hakuhitaji kuipeleka puani. Harufu ilimfuata mkononi... karafuu maiti. Na chini yake, udongo mbichi.

"Nimeifua mara tatu," Stefania alisema, sauti imeshuka. "Nimeianika juani siku nzima. Jioni inarudi vilevile. Na mtoto, kila jua likizama, anatazama mlangoni. Jana alishika kofia kwa mikono yote miwili. Kama ananyang'anywa. Nikamuuliza, Denis, nani? Akaniambia, bibi. Bibi anataka kofia yake." Akamsogelea. "Ulishonea nini humo ndani, Hajira?"

"Bitana."

"Bitana ya nini?"

"Ya bafta. Kwani hujui bafta?"

Stefania akaupokonya mkoba mikononi mwake, akautupa nao njiani, akafunga mlango. Komeo likasikika. Hajira angeweza kusimama pale akamrushia maneno mpaka mtaa mzima utoke, na maneno anayo, hilo hakuna asiyelijua kijijini Sindeni. Lakini siku hiyo aliinama akauokota mkoba. Alikuwa anajua bafta ile imetoka wapi.

*

Wiki tatu nyuma alikufa mama mkwe wake, Bi Mwantumu, mama wa mumewe Mhina. Wasiowajua walidhani Hajira atalia. Hakulia, na sitamlaumu kwa hilo, maana mwanamke yule alimsimanga miaka tisa bila kupumzika. Kazi ya Hajira ni kofia, pochi na mikoba, anashona nyumbani kwa cherehani ya miguu. Kila kitu anakikata kwa karatasi. Amezichora mwenyewe kwenye mifuko ya saruji, akazitoboa, akazitundika kwenye msumari ukutani: kipande cha mkoba, kipande cha pochi, kipande cha kofia. Kwa Bi Mwantumu zile zilikuwa takataka, na mwenye nazo mvivu anayekwepa jembe. Mwaka juzi alizitoa zote msumarini akawashia moto wa maharage. Hajira alirudi kutoka mjini Mkata akakuta majivu. Ilimchukua miezi miwili kuzichora upya. Ile ya kofia ya mtoto aliipima kichwani kwa Munira, na kwa saizi hiyohiyo akawashonea watoto wote. Mama za wadogo aliwaambia, atakua nayo.

Siku ya msiba, wanawake walipokaa kumwosha marehemu, Mama Zaidi, ambaye ndiye mwoshaji wa mtaa, alimwita Hajira. Fundi upo humu ndani, kwa nini tumtafute mwingine? Akampa bafta, kitambaa cheupe cha sanda, na mkasi, akamwonyesha vipimo. Kanzu. Shuka. Na kitambaa cha kichwa, kishuke mpaka kifuani.

Hajira alikikata kikaishia kidevuni.

"Mbona kifupi?" Mama Zaidi aliuliza.

"Bafta ndiyo imeishia hapo."

Haikuwa imeishia. Iliyobaki ilikuwa chini ya kanga yake, imekunjwa vizuri. Nje wanaume walikuwa wanaulizia jeneza, jua linakwenda. Wakamfunga hivyohivyo, kichwa kikafunikwa nusunusu. Na Hajira akiwa ameinama pale alisema moyoni, na wewe uende na pungufu. Alisema hivyo. Mwenyewe amekiri.

Kile kipande kilimtosha bitana ya kofia tatu. Kila kofia vipande sita vya pembetatu, vinavyokutana utosini. Moja ya Denis. Moja ya Munira. Ya tatu aliiuza Mkata, kupitia dirisha la basi lililosimama kidogo likaondoka.

*

Aliukunja mkoba na kofia kwenye kanga, akashika njia ya nyumbani. Watu walikuwa wameshaingia ndani. Mahindi yamekauka, yanasubiri kuvunwa, majani yanasuguana.

Kisha akasikia.

Kwacha.

Akasimama. Upepo tu, alijiambia. Akatembea.

Kwacha... kwacha...

Mshona nguo hawezi kukosea sauti ile. Ni mkasi mkubwa, unakata kitambaa kikavu, taratibu, bila haraka. Unatokea ndani ya mahindi, upande wa kulia. Akiongeza mwendo, nao unaongeza. Akipunguza, unapunguza. Harufu ya karafuu maiti ikawa nzito mpaka akaionja kwenye ulimi.

Pale njia inapopinda kuelekea kisimani alikaa mtu.

Kizee. Amechutama ukingoni, amempa mgongo, viganja vyote viwili amevifunika juu ya utosi kama mtu aliyekutwa na mvua njiani. Mvua haikuwepo. Mbingu ilikuwa kavu, na nyota ya kwanza imeshatoka.

Malezi ni malezi. Mdomo ulitangulia akili.

"Shikamoo, bibi."

Kizee alivikaza viganja.

"Bibi... una nini?"

"Huku kuna upepo, Hajira."

Sauti ile. Sauti iliyomwita mvivu miaka tisa. Ilikuwa chini sana, na ina udongo ndani yake.

"Kichwa changu kiko wazi."

Hajira alitaka kusema samahani. Hata leo anasema alitaka. Badala yake, kwa hofu na kwa ile hasira ya siku nyingi, alisema, "Ulinichomea karatasi zangu."

Viganja vikaanza kuteremka utosini, polepole... kidole kimoja kimoja.

Hajira hakungoja kuona kilicho chini yake. Alikimbia. Kandambili moja ilibaki njiani, na mkoba wa Stefania, na nyuma yake sauti haikupanda hata kidogo, ilisikika karibu vilevile.

"Umegawa changu. Rudisha kwa idadi."

*

Munira alikuwa ndani, kwenye kigoda cha cherehani. Mhina alikuwa ameenda msikitini. Taa imewashwa. Kofia iko kichwani, imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Munira, vua kofia."

"Inabana."

"Ndiyo uvue."

"Haitoki, mama. Bibi ameishika."

Hajira aliishika kwa ukingo akavuta. Mtoto alipiga kelele ambayo mama yake hakuwahi kuisikia kwake, na kofia haikusogea. Ngozi ya paji ndiyo iliyosogea. Hajira akaachia.

Kwacha.

Dirishani. Nje ya wavu.

Akachukua wembe wa kufumulia. Miaka yote hiyo amefumua mishono ya watu bila kuwaza, na sasa alipiga magoti nyuma ya mwanawe akafumua uzi mmoja, akavuta, akafumua mwingine, wembe uko upana wa kucha kutoka kwenye kichwa cha mtoto. Kitenge kilitoka kwanza. Chini yake bafta ilikuwa imelowa na imenata kama plasta ya kidonda. Aliibandua kipande kimoja kimoja huku akisema, nakurudishia, mama, nakurudishia, nisubiri. Alipotoa cha sita Munira alishusha pumzi ndefu akalala palepale, kichwa kwenye paja lake. Mkasi nje ukanyamaza.

Akaifumua na kofia ya Denis, iliyokuwa bado kwenye kanga. Akachomoa uzi kutoka kwenye bafta yenyewe, jinsi sanda inavyoshonwa, akaanza kuunganisha kwa mkono. Vipande kumi na viwili. Mhina aliporudi alimkuta hivyo, na hakuhitaji kuambiwa mengi. Alikijua kitambaa kile. Yeye ndiye aliyekinunua.

Hakumpiga. Alikaa kwenye kiti cha mama yake, akamtazama akishona mpaka akamaliza, kisha akasema, "Mama yangu amelala kichwa wazi, na mimi nilikuwa nakula chakula chako." Tangu siku hiyo hajasema naye la zaidi.

Asubuhi Mama Zaidi aliitwa. Alikitandaza kitambaa juu ya mkeka, akakipapasa, akapima kwa shibiri. Katikati palikuwa na nafasi.

"Hapa pana nini?"

"Kofia moja niliiuza," Hajira alisema.

"Kwa nani?"

"Simjui. Ndani ya basi. Niliona mkono tu, una pete."

"Basi la wapi?"

"La kwenda juu. Korogwe... au mbele zaidi."

Mama Zaidi alikikunja kitambaa. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye kuosha maiti za watu bila kusema aliyoyaona, lakini alitema mate pembeni ya mkeka, karibu na mguu wa Hajira. "Ulinidanganya mkono wangu ukiwa juu ya maiti. Mimi nimemfunga pungufu, nitaulizwa. Toka mbele yangu."

"Nikate bafta mpya nijazie?"

"Amekuomba mpya?"

Mhina alikipeleka makaburini mwenyewe, na jembe. Alikifukia upande wa kichwa. Mtaa ukatulia. Denis alilala jioni hiyo bila kulia, na harufu ikaisha nyumbani kwa Hajira, mpaka akaanza kujidanganya kwamba kilichokosekana ni kidogo, na marehemu naye alikuwa mama wa mtu, atasamehe.

*

Ijumaa ya kwanza baada ya hapo alimkalisha Munira kibarazani amsuke. Alipopasua nywele utosini, kitana kiliteleza.

Palikuwa patupu, hapana unywele hata mmoja. Ngozi nyeupe, laini, ya baridi. Si mviringo kama mapunye. Ilikuwa na ncha moja juu utosini na pande mbili zilizonyooka, zikishuka mpaka kitako kilichopinda kidogo kuelekea sikioni.

Hajira aliingia ndani, akatoa msumarini karatasi ya kofia, ile aliyoipima kwenye kichwa hichohicho. Akaiweka juu.

Ilikaa sawasawa. Hata pale mkono wake ulipotetereka akichora, ngozi nayo ilikuwa na kikombo kilekile.

Ijumaa ya pili kikatokea cha pili, ubavuni mwa cha kwanza.

Hospitali walitoa dawa ya kupaka. Shehe alisoma. Hajira aliacha kushona. Sasa kila siku anachukua gari la alfajiri mpaka Mkata, na kila basi linaposimama yuko pale kati ya wauza korosho na wauza maji, lakini hauzi kitu. Anazunguka madirisha. Anatafuta kofia ya kitenge chekundu chenye maua ya njano kwenye kichwa cha mtoto yeyote, au mkono wenye pete. Anauliza. Makondakta wameshamzoea, wanamwita Mama Kofia, wanamfukuza kwa vicheko. Mara mbili amepanda mpaka Korogwe, akatembea stendi na sokoni akichungulia watoto mgongoni mwa mama zao, na mara ya pili walitaka kumpiga, wakidhani mwizi wa watoto. Anaogopa. Kila siku anaamka na hofu ileile, kwamba yupo mtoto mwingine mahali fulani ambaye kofia yake haitoki, na mama yake hajui afumue nini.

Jana ilikuwa Ijumaa. Alirudi jua linazama, miguu imejaa vumbi. Mhina alikuwa amejifungia chumbani kwa mama yake, siku hizi ndiko anakolala. Munira alikaa barazani kwenye ukingo, amempa mgongo, amefunika utosi kwa viganja vyote viwili.

Hajira alisimama kwa mbali.

"Munira. Ni mama."

Mtoto hakugeuka. Hajira alimsogelea, akaviondoa viganja vile taratibu. Vilikuwa vya baridi. Akahesabu kwa kidole, kwa sababu macho hakuyaamini.

Vinne.

"Inauma, mwanangu?"

"Haiumi." Munira alikuwa anatazama mahindi ng'ambo ya njia. "Bibi anakata polepole. Anasema vimebaki viwili tu."

Hajira alimkumbatia kwa nguvu, mdomo kwenye ile ngozi nyeupe, na ikamjia puani... kidogo, kwa mbali. Karafuu maiti.

"Halafu?" alinong'ona. "Vikiisha, halafu nini?"

Mtoto aliwaza kidogo, kama anayekumbuka alichoagizwa.

"Halafu ataivaa kofia yake."