Kompyuta ya Kadzo Haikuwa Mbovu

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na mmoja, nina shahada ya chuo kikuu, na kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba kompyuta aliyoniundia mdogo wangu Kadzo ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu. Niliivuruga mimi... tena kwa usafi!

Naishi Mishomoroni. Naandika makala, kazi ambayo majirani zangu bado wanaiombea igeuke kazi. Kadzo ni kitinda mimba wetu; mama alipofariki nilimlea mimi. Alisomea ufundi wa kompyuta, ajira akaikosa. Kanisa letu lilipotaka mtu wa kuunda kompyuta za chumba cha vijana, nilimsemea. Mama Sidi, mwenyekiti wa akina mama, akakubali, ila waione kwanza moja ikifanya kazi.

Basi Kadzo akaniundia yangu, kipande kwa kipande, juu ya meza ya kulia. Nilikuwa sokoni alipoiwasha mara ya kwanza. Niliporudi nilimkuta anacheka peke yake. "Imewaka, dada!"

Kwetu kitu kipya hakitumiki kabla hakijaombewa. Mama Sidi na wenzake wangekuja alasiri. Kadzo alipotoka kununua soda, niliitazama ile kompyuta nikaona imekaa vibaya, nyaya zote zinatazama mlango. Wageni waone matumbo? Nikachomoa kila kitu, nikaigeuza, nikatandika kitambaa cha kufuma, nikachomeka upya. Waya wa skrini uliingia tundu la kwanza nililolipata. Uliingia vizuri mno! Ningejuaje kwamba chini yake kulikuwa na jingine?

Tukaimba, tukaomba. Mama Sidi akaipaka mafuta. Kadzo akabonyeza. Feni zikavuma, taa zikawaka... skrini ikabaki nyeusi kama chungu.

"Labda inaona haya wageni," mama mmoja akasema.

"Mwenzangu, hii ni kompyuta au pangaboi?" akadakia mwingine. Wakacheka mpaka wakajifuta machozi.

Kadzo akainama kutazama nyuma. Hapo ndipo ningesema, "Jamani, niliigeuza mimi." Neno dogo tu! Lakini aibu ilinipanda, nikamkaripia. "Acha kupekuapekua mbele za watu! Kama hujui, sema hujui!"

Akanyanyuka. Akaniangalia. Akaenda jikoni kuosha glasi.

Kazi ya kanisa akapewa mtu mwingine. Kadzo hakulalamika, wala ile kompyuta hakuigusa tena. Alisema amechoka na mashine. Miezi ikapita, akapata wakala, akaenda Ghuba kufanya kazi za ndani. Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege, njia nzima nikimpa nasaha za uvumilivu... Mimi!

Alipoondoka ndipo nilipoanza kuutafuta ugonjwa wa ile mashine. Niliazima skrini nyingine. Niliifungua, nikachomoa vijiti vya kumbukumbu vya ndani yake nikavisugua kwa ufutio, kama nilivyosoma mtandaoni. Niliiombea tena, safari hii bila mashahidi. Wapi! Hadi siku paa lilipovuja, nikaivuta meza kwa pupa, na kule nyuma nikaona tundu jingine la umbo lile lile, tupu. Lile la kadi ya picha, kile kifaa kinachoipa skrini picha. Nikauhamisha waya.

Skrini ikawaka.

Nilikaa sakafuni kwenye maji ya mvua nikalia kama mtoto. Mnadhani nilimpigia Kadzo simu? Thubutu! Niliwaambia watu kwamba fundi ameitengeneza. Kisha nikakaa mbele ya kompyuta hiyo nikaandika makala ndefu kuhusu uaminifu. Wasomaji waliipenda sana.

Ndugu zangu, nawasihi. Ukimvunjia mdogo wako heshima mbele za watu, mrudishie siku hiyo hiyo, mbele ya watu wale wale. Usijidanganye kwamba muda utakusaidia. Mimi umenisaidia nini? Umenifundisha kusema uongo bila kupepesa macho, basi.

Juzi nilijikaza. Nilikwenda kwa Mama Sidi nikakiri yote. Akaguna, akatikisa kichwa, kisha akasema vyumba vingine vya kanisa vinahitaji kompyuta, Kadzo aje. Nikampigia pale pale barazani kwake. Nilimweleza kila kitu huku nalia.

"Nilijua, dada," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilipoinama niliuona waya uko tundu la juu. Lile halitoi picha."

"Sasa Kadzo, mbona hukusema?"

"Nikukosoe mbele ya wageni, na wewe ndiye mkubwa wangu? Nilikwenda jikoni kukungoja. Nilidhani wakishaondoka utakuja, hata kuniuliza tu. Niliosha zile glasi, nikazirudia kuziosha..."

Nikamwomba msamaha. Akasema alishanisamehe zamani. Nikamwambia arudi basi, kazi ipo, chumba chake kipo.

"Sirudi, dada. Huku nikifokewa, nafokewa na watu baki."

Akaitwa huko alikokuwa. Akakata simu.