Mshono wa Kayaki ya Jules

Kila siku masomo yalipokwisha, Nzigire na mdogo wake Jules walishuka ngazi hadi karakana ya Mwalimu Kibet, Mkenya aliyekuja mji wa Buffalo kusoma akabaki kufundisha useremala. Humo wanafunzi tisa walikuwa wakiunda kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja ambao Wainuiti wa nchi za barafu waliubuni maelfu ya miaka iliyopita ili wawinde sili, wale wanyama wa bahari ya baridi.

"Kwao miti haioti," mwalimu aliwaambia siku ya kwanza. "Walingoja bahari iwaletee magogo. Hawakupiga msumari hata mmoja. Walifunga mbao kwa kamba za ngozi, ili mtumbwi ujipinde na mawimbi usivunjike. Na vipimo walivitoa kwenye mwili wa mwenyewe."

Mwili uliopimwa ulikuwa wa Jules, miaka kumi, mwembamba kuliko wote. Urefu ulikuwa mikono yake iliyonyooshwa, mara tatu. Upana, nyonga zake na ngumi mbili. Alipoketi ndani, kayaki ilimkaa kama suruali.

Kushona ngozi ya kufunika mbao aliachiwa Nzigire, kwa maana mama yake, Mama Clémence, ni fundi wa vitenge, na binti alishika sindano kabla hajajua kusoma. Ngozi ya sili haikupatikana, wakatumia ya ng'ombe. Mwalimu alisisitiza jambo moja: sindano isitoboe hadi upande wa pili. Iingie nusu ya unene wa ngozi, kisha itokee upande uleule. Tundu likipita, na maji yanapita.

Kitenge hakishonwi hivyo. Alhamisi, Nzigire alikuwa amebakiza shubiri mbili tu, upande wa nyuma wa kayaki, simu ikalia. Shangazi Patricia, asiyeacha kuchanganya Kifaransa, alikuwa ameshafika kutoka mji wa Columbus, na jamaa wa Louisville walikuwa njiani, waje kuona kayaki ikiingia majini Jumamosi.

"Weye Nzigire, unakawia nini? Sambusa zinaisha! Na nina habari ya harusi moja... bon, siisemi kwa simu!"

Nani angevumilia? Nzigire alishona shubiri zile mbili kama kitenge, sindano ndani, sindano nje, harakaharaka. Akapaka mafuta juu, mshono ukang'aa.

"Umeshona kama nilivyokuonyesha?" mwalimu aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

Ijumaa nyumba ilijaa hadi watu wakakaa sakafuni. Shangazi alimvuta Jules kando yake. "Kesho unaingia majini, donc unajua kuogelea?"

"Kidogo."

"Kidogo ndiyo nini?"

"Nitavaa jaketi la kuokolea, shangazi. Mwalimu anasema kule wanawake ndio walioshona. Mshono ukiachia baharini, baba harudi. Lakini mimi siogopi. Ameshona Nzigire."

Watu wakacheka na kupiga makofi. Nzigire alirudisha sambusa sahanini. Alitaka kusema, lakini macho yote yale yalimfunga mdomo. Aliona miguu ya Jules imebanwa ndani ya ngozi, maji yakipanda hadi kifuani.

Jumamosi upepo wa Ziwa Erie ulikuwa wa baridi. Jamaa walijipanga ufukoni na vitenge vyao juu ya makoti. Jules aliingia, akanyoosha miguu, akapewa kafi lenye bapa pande mbili. Mwalimu Kibet aliinama asukume.

Nzigire alinyanyua mikono. "Atoke!" alipiga kelele. "Mwalimu, mtoe! Nilitoboa! Kule nyuma nilitoboa ngozi yote, nikakudanganya!"

Mama Clémence alikuwa wa kwanza kufika. Alimnyanyua Jules kwa makwapa kama mtoto mchanga.

Mwalimu hakugomba. Waliiweka kayaki juu ya mabenchi mawili, wakamimina ndoo nne za maji ndani. Mshono wote ulibaki mkavu. Nyuma, kwenye zile shubiri mbili, matone yalitokea moja moja, kisha yakatiririka.

"Yesu wangu," Mama Clémence alinong'ona.

Nzigire alilia. Mwalimu alimpa sindano na kipande cha ngozi kilicholainika. "Matundu hayafutiki. Weka kiraka. Mara hii uwafundishe na hawa."

Basi mama na shangazi wakaketi kwenye nyasi, na Nzigire akawaonyesha: nusu tu, itokee hapahapa. Shangazi alitoboa mara tatu, akafumua mara tatu.

"Mume wangu angekuwa Mwinuiti, ningekuwa mjane zamani!" alisema, na Nzigire akacheka huku machozi bado yapo.

Walimimina maji tena. Hakuna tone. Jules akaingia, mwalimu akasukuma, na kayaki ikateleza. Nzigire aliifuata kwa macho mpaka iliporudi. Jules alivua soksi, akaziminya mbele ya kila mtu.

"Kavu!"

Mama Clémence alimshika Nzigire mabega. "Kushona vibaya si dhambi, mwanangu. Mimi nimefumua vitenge vingi. Lakini ulipoulizwa ukasema 'ndiyo', ulimweka ndugu yako juu ya uongo wako. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu hajapanda."

"Ndiyo, mama," Nzigire alijibu, na safari hii alimtazama machoni.