Walimfuata Mjomba wa Tanuma kwa Bunduki... na Mjomba Nilikuwa Mimi!

Risasi ya kwanza ilitoboa tangi la maji la jirani.

Ya pili ikapasua kioo cha dirisha lao.

Baada ya hapo zilimwagika tu... kama mtu anamimina mchele kwenye sinia ya bati!

Mimi nilikuwa nimelala chini, tumbo sakafuni, padi ya gemu bado iko mkononi. Kwenye runinga gari langu lilikuwa linajiendea lenyewe, likaacha barabara, likabamiza ukuta.

"Mjomba wa Tanuma! Toka nje kama wewe ni mwanaume!"

Sauti ile niliijua.

Karrar. Mtoto wa baba mkubwa wangu.

Alikuwa mbele ya geti la kina Muhannad, ng'ambo ya uchochoro wetu, na vijana wanne wenye bunduki. Jua halijazama, uso hawajafunika. Kwetu Tanuma, mtaa wa Basra, wanaokuja kukupigia geti risasi hawajifichi. Wanataka ujue ni nani aliyekasirika, ili wazee waitwe mkae kikao. Usipokaa, wanarudi, na safari hiyo hawalengi geti.

Jamani, naomba mnielewe kabla hamjaendelea kusoma.

Muhannad hakuwa Mjomba wa Tanuma.

Mjomba wa Tanuma nilikuwa mimi!

Mimi, Tuqa. Msichana ambaye mgeni akibisha hodi anakimbilia jikoni. Nimemaliza chuo na wenzangu darasani hawaijui sauti yangu.

Nilitambaa hadi mlangoni, nikachungulia kwenye upenyo.

Geti la kina Muhannad likafunguka. Akatoka. Miguu mitupu, mikono juu.

"Acheni kupiga. Mama yangu yuko ndani, ana ugonjwa wa moyo."

"Wewe ndiye Mjomba?"

Muhannad akamtazama. Kisha, sijui kwa nini, akageuza macho yake kuelekea nyumba yetu. Mara moja tu.

"Ndiye mimi."



"Mkono gani ulioniaibisha?" Karrar akauliza, anatabasamu.

"Huu."

Muhannad anasomea udaktari wa meno. Alinyoosha mkono wa kulia.

Wakamlaza chini. Wawili wakamkalia mgongoni. Karrar akauweka ule mkono juu ya kizingiti cha saruji, akageuza bunduki, akakishusha kitako chake kwa nguvu zake zote.

Ile sauti... kama bua kavu.

Akapiga tena. Na tena. Muhannad alipiga yowe moja tu.

Nikaukamata mlango nitoke. "Ni mi..."

Kiganja kikaniziba mdomo. Baba!

"Nyamaza mwanangu! Akijua ni wewe atakuua!"

Nilimng'ata. Nilimng'ata baba yangu mzazi hadi nikaonja damu, na hakuniachia. Alilia kimya kimya, machozi yake yanadondokea nywele zangu, mpaka magari ya kina Karrar yalipoondoka.

Sasa niwaeleze ilianzaje.

Gemu aliniachia kaka yangu alipohamia Uturuki. Gemu la mbio za magari. Nilianza kwa sababu ya upweke, nikaendelea kwa sababu niligundua naweza. Barabarani kule hakuna anayekuuliza wewe ni binti wa nani.

Kila mchezaji anataka krediti, maana ndizo zinazonunua magari mazuri. Wageni niliwapeleka Uwanja wa Yai, mbio fupi, krediti kidogo lakini za uhakika. Wenye kiherehere walipenda Mlima wa Pepo, na wengi waliishia korongoni.

Mimi mbio zangu zilikuwa Ziwa la Mvua.

Nusu saa. Zinatosha kati ya umeme wa serikali kukatika na ule wa jenereta la mtaa kukatika nao. Unaanza kukavu, katikati wingu linatanda. Hapo ndipo madereva wote wanakimbilia gereji kuvaa tairi za mvua kubwa, halafu jua likirudi wanakimbilia tena kuzivua. Mimi siingii. Napunguza kasi, nateleza kidogo, navumilia. Mvua ile ni ya vitisho, haikai. Wakishtuka, nimeshawaacha, na krediti zinamiminika kuliko mbio nyingine yoyote.

Nikaanza kuwafundisha vijana wa kundi letu la simu. Kwa maandishi tu, wasinisikie sauti. Wao wenyewe wakadhani mimi ni mzee fulani wa Tanuma. Wakaniita Mjomba.

Mwanafunzi wangu mbovu kuliko wote alijiita Jino Bovu.

"Mjomba, nimegonga ukuta."

"Ukuta ule ule wa kona ya mitende?"

"Ule ule."

"Wewe na huo ukuta ni ndugu?"

"Tumekuwa wakwe, Mjomba. Nifundishe tena."

Nilikuwa nacheka peke yangu kama kichaa. Na umeme ukikatika katikati ya somo nilikuwa nafungua dirisha napiga kelele, "Mungu amlaze gizani mwenye jenereta!" Ukirudi, nawaandikia vijana maneno yale yale, wanacheka.

Na Karrar alikuwemo kundini, kwa jina lake kamili na picha ya masharubu yake.

Kwetu, mtoto wa baba mkubwa ana kauli inaitwa nahwa. Akisema "binti huyu ni wangu," hakuna posa nyingine itakayovuka mlango. Karrar alikuwa ameshaisema juu yangu. Posa ya kwanza aliirudisha kwa matusi. Aliyeleta ya pili alipigwa pale darajani hadi jicho likafumba. Na mwenyewe hakuwa na haraka ya kunioa. Alitaka tu nikae, kama gari alilolipaki asije akaliendesha mwingine.

Basi siku moja akatuma sauti kundini:

"Huyu Mjomba wenu ana mbio za vikongwe! Twende Ziwa la Mvua mimi na yeye. Akinishinda, wallahi nanyoa masharubu haya!"

Kwetu mtu haapi kwa masharubu kwa mzaha.

Nikaandika neno moja.

"Twende."

Alikuwa na mbio, siwezi kumnyima haki yake. Alinipita mapema akaniacha mbali. Kisha wingu likatanda... akaingia gereji. Mimi nikapita. Jua likarudi, akaingia tena. Nilipomaliza, yeye alikuwa bado anatafuta kona ya mitende!

Vijana wakajaza kundi picha za nyembe. Na mimi, kwa furaha, nikaandika sentensi iliyovunja mkono wa mtu:

"Haya wanangu, Mjomba anawaaga, jenereta la Abu Falah linakata."

Mnaona nilichofanya?

Kila mtaa una mwenye jenereta wake. Ukimtaja, umetoa anwani. Abu Falah anauza umeme uchochoro wetu tu, na uchochoroni mwanaume kijana anayecheza gemu ni mmoja. Nyumba yetu, ya ami yake, Karrar hakuifikiria hata kidogo. Kule kuna nani? Mzee mpole, ajuza, na msichana bubu.

Kikao kikaitishwa. Hema likafungwa uwanjani.

Habari zilizotufikia zilikuwa mbaya. Upande wa Karrar walidai kosa lilianza na Mjomba, kwa kuyachezea masharubu ya mwanaume. Na Muhannad kakiri mwenyewe. Basi hana fidia, na juu yake ahame Tanuma, yeye na mama yake mgonjwa.

Nilikaa jikoni nalia. Bibi, mama yake baba, alikuwa anavuta sigara.

"Unalia nini?"

Nikamwambia yote. Hakupepesa jicho.

"Kwa hiyo Mjomba ni wewe."

"Ndiyo Bibi."

"Na yule punguani kampigia geti mtu mwingine."

"Ndiyo Bibi."

Akazima sigara kwenye kisahani.

"Nimezika waume wawili na nimepita vita vitatu. Leo niogope hema la wanaume wanaokunywa chai? Vaa baibui. Beba na hilo dude lako la gemu."

Tulipoingia, watu waligeuka kama wameona moto, Baba na Muhannad wakiwemo.

"Mama, hiki ni kikao cha wanaume," akasema Sheikh Mizhir, msuluhishi.

"Wanaume nimewazaa mimi. Sogea."

Bibi akavua kitambaa chake cheusi cha kichwani akakitupa katikati ya zulia. Kitambaa cha ajuza kikiwa chini, hakuna mwanaume anayenyanyua sauti mpaka asikilizwe.

"Sema, Tuqa."

Sauti yangu ilitoka kama ya kifaranga.

"Mjomba wa Tanuma ni mimi. Muhannad hajawahi kuwa Mjomba hata siku moja."

Karrar akacheka hadi akakohoa. "Huyu? Huyu hata salamu anaijibu kwa kichwa!"

"Binti," akasema Sheikh, "neno lako moja haliwezi kulifuta la yule aliyekiri. Una ushahidi?"

"Nileteeni runinga."

Ikaletwa. Waya ukavutwa kutoka kwa Abu Falah mwenyewe. Nikaishika padi.

Ziwa la Mvua.

Mwanzoni wazee walitazama kwa dharau. Mara mmoja akavuta mto akasogea. Mara mwingine akasahau chai yake.

"Huyo mweupe anambana! Mbane na wewe, binti!"

"Wingu hilo! Ingia gereji!"

"Mwache bwana, anajua!"

Mvua ikaanza kunyesha. Magari yote yakaingia kubadilisha tairi. Langu likapita, linateleza kidogo, linavumilia.

Nikasikia nyuma yangu pumzi ya Karrar imekatika. Huwezi kusahau mgongo wa gari lililokushinda.

"Ni wewe..." akanong'ona. "Mwanamke! Umeninyoa mbele ya Basra nzima!"

Nilipogeuka, bastola ilikuwa inanitazama.

Muhannad, mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko, alishajirusha mbele yangu. Lakini kuna aliyemtangulia.

Baba!

Baba yangu mpole, asiyewahi kumjibu kaka yake hata "lakini," alinyakua birika la shaba la kahawa likiwa linachemka, akampiga nalo Karrar usoni. Kahawa ikamwagika. Meno yakaruka. Risasi ikafyatuka, ikaingia kwenye runinga, na kioo kikatumwagikia sote kama changarawe.

Karrar alianguka anapiga mayowe, ameshika shavu. Baba alisimama juu yake, birika limebonyea mkononi. Kiganjani bado alikuwa na alama za meno yangu.

"Siku ile nilimziba mdomo mwanangu kwa ajili yako," alisema. "Mtu akimnyamazisha tena, nammalizia hapa hapa."

Sheikh Mizhir hakuhitaji muda mrefu.

"Karrar. Umevunja mkono wa asiye na kosa. Gharama ya matibabu yake na heshima ya nyumba yake ni juu yenu. Na uliyekuwa unamsaka kwa bunduki ni binti wa ami yako, damu ambayo ulipaswa kuilinda. Aliyemwelekezea binti bastola hana nahwa juu yake. Imekwisha. Mlango wake uko wazi."

Kisha akageukia masharubu. "Na uliapa?"

Aliyejibu ni baba mkubwa, baba yake mzazi, huku anatazama chini.

"Aliapa. Leteni wembe."

Aliyanyoa mwenyewe, kando ya shavu lililoungua, na mwanawe akilia kama mtoto. Sikufurahi, nawaambia ukweli. Nilitoka nje nikatapika.

Vidole viwili vya Muhannad havikunji hadi leo. Madaktari walifanya walichoweza. Anajifunza kazi yake upya kwa mkono wa kushoto.

Plasta ilipotolewa tulikwenda kumjulia hali. Baba akakaa na mama yake, Bibi akakaa katikati ya kila kitu, kama kawaida yake.

"Kwa nini ulisema ni wewe?" nikamuuliza.

"Kwa sababu nilimjua aliye Mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku Mjomba alipotoweka hewani, na dirisha la nyumba yenu likafunguliwa na mtu akamwombea mwenye jenereta alale gizani. Umeme uliporudi, Mjomba akaandika maneno yale yale."

Nilitamani sakafu inimeze.

"Twende Ziwa la Mvua," akasema. Akaweka padi juu ya goti, mkono wa kushoto unafanya kazi yote, wa kulia unaegemea tu.

Nilijua nitamwonea huruma, nimwachie kidogo.

Wingu likatanda. Hakuingia gereji.

Kona ya mitende ikafika. Akaipita safi, kama maji, ukuta hakuugusa. Akamaliza mbele yangu!

Nilimtazama. Halafu nikalitazama jina lililotokea juu ya runinga, na padi ikanidondoka.

Jino Bovu.

"Wewe?! Na ule ukuta?"

"Nilikuwa naugonga makusudi," alisema, masikio yamemwiva. "Ningefaulu, ungenifundisha nini tena?"

Bibi akawasha sigara.

"Huyu leo ana posa mdomoni," akamwambia baba, "ila hajui kuisema."

Wapenzi wasomaji, wingu likitanda juu ya maisha yako, usikimbie ovyo kama wenzako. Vumilia kuteleza. Ila mtu wako akivunjwa mkono, hapo usivumilie hata dakika... ng'ata, piga kelele, ingia hemani!

Na kabla hujamcheka anayegonga ukuta ule ule kila siku, uliza kwanza nani anamfundisha.